Mkubwa Huwashwa Kwanza

Maneno ya kwanza Mwalimu aliyoniambia hayakuhusu printa. Aliniambia nikae vizuri.

"Mgongo!" alisema, akanigonga katikati ya mabega kwa rula ya mbao. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza yake nikifuata waya, na mpaka leo sijui mtu aliyechuchumaa chini ya meza anatakiwa auweke wapi mgongo wake. Niliunyoosha hivyo hivyo, nikagonga kichwa kwenye mbao, na urafiki wetu ukaanza hapo.

Jina lake sijawahi kulitumia, na sitaanza leo. Kimandolu tulimwita Mwalimu, basi. Mama huyu alifundisha upigaji taipu kwa miaka mingi katika chuo cha makatibu muhtasi, na nusu ya makatibu wa ofisi za Arusha wanakaa wima mpaka leo kwa ajili yake. Alipostaafu alifungua stationery kando ya barabara: kuchapa, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, na kile kilichompa umaarufu, vijitabu vya mazishi. Huku kwetu ukizikwa bila kijitabu chenye picha yako juu, wasifu ndani na nyimbo nyuma, watu watadhani hukuwa na ndugu. Mwalimu alikuwa na sharti moja tu katika biashara ile: kijitabu kifike kabla ya jeneza. Hakijawahi kuchelewa, alisema, na alilisema kwa sauti ile ile wanayotumia wengine kusema hawajawahi kulazwa hospitali.

Mimi nami nijieleze. Sina cheti. Ufundi wa kompyuta nilijifunza kwa video za mtandaoni, chumbani kwangu Kwa Mrombo, nikizirudisha nyuma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hofu yangu kubwa duniani ni mtu kuniuliza, "Dada, umesomea wapi?" Nakata kucha kwa meno. Kabla ya kumpigia mteja simu naandika kwanza nitakachosema, pamoja na mahali pa kucheka. Nikifunga kazi na kuondoka, narudi kutoka njiani kuhakikisha kwamba nimeifunga. Mtu akiniambia, "Asante fundi, imepona," mimi nasikia, "imepona kwa sasa."

Mtu wa namna hii hapaswi kukabidhiwa printa ya mtandao. Printa ya mtandao inafanya kazi leo, kesho haifanyi, na katikati hakuna aliyeigusa. Ni kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kuniumiza mimi.

Ya Mwalimu ilikuwa kubwa kama friji ya baa, na umri wake ulizidi wa vitu vyote mle dukani isipokuwa Mwalimu mwenyewe. Aliiita Mzee. Tundu la kuichomekea kompyuta moja kwa moja lilikuwa limevunjika tangu mteja mmoja alipojaribu kuingiza humo chaja ya simu, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa moja: Mzee anaunganishwa kwa waya kwenye rauta, na kompyuta mbili za dukani zinamfikia kupitia hiyo rauta. Mwalimu hakuupenda mpango huo hata kidogo.

"Kwenye taipu," aliniambia, "ukibonyeza A, A inatoka. Hakuna kutafuta. Sasa hivi nabonyeza A, kompyuta inaniuliza printa iko wapi. Si ile pale? Mimi na macho haya naiona!"

Siku moja nilikuta ameigeuza skrini ya kompyuta ili itazamane na Mzee. Nilimwangalia usoni kutafuta kama anatania. Uso wa Mwalimu ulikuwa haukupi habari yoyote.

Halafu kulikuwa na vitambaa. Kila kifaa mle ndani kilivaa kitambaa cha kufuma alichokifuma mwenyewe. Rauta ilikuwa na cheupe chenye maua, Mzee alikuwa na kikubwa cha rangi ya maziwa kilichoshuka mpaka kwenye matundu yake ya kupumulia. Nilimweleza kwamba printa inatoa joto, ikifunikwa inachemka. Nilikitoa. Nikirudi, nakuta kimerudi. Tulibishana kwa majuma kadhaa hadi tukafikia mapatano: Mzee anavuliwa wakati wa kazi, anavikwa kazi ikiisha, kama joho la mchungaji. Rauta alikataa kabisa kuivua. "Itashika mafua," alisema. Hapo nilijua anatania. Karibu nijue.

Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, na sijamsikia mtu akiikaripia mashine kwa Kichaga kikali kama chake. Siku karatasi zilipokwama alimwambia Mzee maneno ambayo Rehema, mchapaji wake, alikataa kuamini kwamba yana tafsiri. Rehema alikuwa binti wa mjini kati, hijabu yake imefungwa vizuri na mdomo wake haukufungwa kabisa. Ni yeye peke yake aliyemtania Mwalimu akabaki na kazi.

"Mwalimu, hayo uliyomwambia Mzee yamo kwenye Biblia?"

"Yamo."

"Wapi?"

"Mwishoni. Wewe huna."

Uongo aliuchukia, isipokuwa kwa wateja. Mzee akigoma, mteja aliambiwa kwamba mtandao umekatwa kutoka Dodoma. Nilipomuuliza kwa nini Dodoma, alisema watu hawaendi Dodoma kuuliza.

Na wasifu za marehemu alizisoma kwa ukali wa msahihishaji wa mitihani. "'Alikuwa mpole na mkarimu,'" alisoma kwa sauti siku moja, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua. "Huyu? Huyu alinikatia maji kiangazi kizima." Kisha akauchapa wasifu ule kwa utaratibu wote, akaupanga vizuri kuliko ulivyostahili, na familia ilipoleta picha ya kitambulisho kwa ajili ya jalada, akawarudishia.

"Hapa anaonekana anatafutwa na polisi. Nendeni mkalete aliyocheka."

"Mwalimu, baba hakuwa mtu wa kupiga picha."

"Kuna harusi moja alikwenda. Hakuna mtu ambaye hajawahi kwenda harusi. Mtafuteni pembeni, na sahani."

Walimpata pembeni, na sahani. Nilikiona kile kijitabu. Mtu mkata-maji yule alikuwa na kicheko kizuri.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kila asubuhi Rehema alinipigia: "Fundi, Mzee amezimia tena." Nakwenda, namzima Mzee, namwasha, karatasi inatoka. Mwalimu anasema nina mkono mzuri. Mtu mwenye akili timamu angechukua sifa hizo akaenda kunywa chai. Mimi nilikuwa nawaka kwa ndani. Nilibadilisha waya. Niliiondoa programu ya printa kwenye kompyuta zote mbili nikaiweka upya. Nilitazama video za mafundi wa nchi tatu, wengine wakiongea lugha nisiyoijua, nikifuata vidole vyao tu. Mchana kutwa Mzee alichapa bila kosa. Asubuhi, maiti.

"Imetoka karatasi?" Mwalimu aliniuliza nilipokuwa nakagua kwa mara nyingine kitu nilichokwisha kukagua.

"Imetoka, lakini sijui kwa nini ilikuwa haitoki."

"Wewe una ugonjwa wa kukagua. Nenda nyumbani."

Ng'ambo ya barabara, wakati huo huo, kijana mmoja, chalii wa hapa mjini, alikuwa amefungua duka na printa mpya inayong'aa na spika mlangoni inayopiga muziki tangu asubuhi. Mwalimu hakumtaja. Alimwita "kelele." Lakini nilimwona akihesabu kwa macho watu wanaovuka.

Basi ikaja siku ya msiba wa mzee mmoja wa usharika wake. Mwili ungetoka hospitali asubuhi, ibada kanisani, kisha maziko juu kwenye miteremko ya Meru. Vijitabu vilikuwa tayari kwenye kompyuta, ila jioni umeme ulikatika na kazi ikabaki ya alfajiri. Mwalimu alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Njoo kabla sijafungua. Uwepo tu."

Nilifika nikamkuta mlangoni pamoja na Rehema, na mdogo wa marehemu, baba mmoja mrefu mwenye suti nyeusi, ameshika flashi yenye nakala ya kijitabu kana kwamba ameshika roho ya kaka yake. Tukaingia. Umeme ukarudi. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamwona Mwalimu akifungua duka.

Kila jioni alikuwa akichomoa vifaa vyote ukutani kwa kuogopa umeme unaorudi kwa kishindo. Hilo nililijua. Nisichokijua ni namna alivyovirudisha. Aliinamisha kichwa, akaomba kwa kifupi. Akamvua Mzee kitambaa, akakikunja, akamwasha wa kwanza. Akasimama kando yake, mikono nyuma, mpaka aliponguruma akatulia. Akaja kwenye mashine ya kopi. Kisha kompyuta yake, kisha ya Rehema. Mwisho kabisa, baada ya kupangusa vumbi na kupanga kalamu, akaiwasha rauta.

"Mwalimu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba, "kila siku unawasha hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kwa mpangilio huu."

"Wewe kwenu unaanza kumwamkia nani? Mtoto? Huyu Mzee nilikuja naye. Hiki kirauta kimeingia juzi."

Rehema aliagiza kurasa zichapwe. Skrini ikajibu kwamba printa haipatikani. Mdogo wa marehemu aliitazama skrini, akatazama saa, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Mama, mimi navuka," alisema. "Samahani sana, lakini siwezi kumtanguliza kaka yangu mikono mitupu."

Mwalimu hakusema Dodoma. Alikuwa ameishika ile rula kwa mikono yote miwili na vidole vilikuwa vimekwajuka. Mwanamke yule alikuwa akinitia hofu tangu siku ya kwanza, na sasa nilimwona yeye akiwa na hofu, nikatamani arudi kunigonga mgongoni.

"Baba, nipe dakika chache," nilimwambia mwenye suti. Nikamgeukia Mwalimu, nikaanza kwa namna mbaya kuliko zote, yaani kwa herufi. "Mwalimu, tatizo ni DHCP."

"Usinitukane."

Nikavuta pumzi. "Mzee akiamka anaomba anwani, ajulikane anakaa wapi. Anayegawa anwani ni rauta. Lakini rauta bado imelala. Mzee anaita, haitikiwi, anakata tamaa, anajitungia anwani yake mwenyewe. Rauta ikija kuamka inawapa wengine wote anwani za Kimandolu. Mzee keshahamia Kwa Mrombo."

"Na hajamuaga mtu," alisema Rehema.

"Ndiyo maana nikija nikimzima na kumwasha anapona. Mimi nakuta rauta imeshaamka."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo unachotaka ni mtoto atangulie mkubwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Dukani kwangu?"

Ningekuwa na akili ningemruka, nikazima na kuwasha mwenyewe, karatasi zingetoka. Nilishindwa. Kumpuuza mtu mzima mbele ya mgeni ni jambo ambalo mama yangu angelisikia kutoka popote alipo. Na vilevile, nikiri, nilitaka anielewe. Ndiyo ubaya wangu: hata nyumba ikiungua nitataka kwanza tukubaliane moto ulianzia wapi. Na moto ndio ulionipa neno.

"Mwalimu, nyumbani kukiwa na shughuli, nani anaamka kwanza kuwasha moto?"

"Watoto."

"Kwa nini si wakubwa?"

"Mkubwa aamke akute baridi? Mae! Mkubwa anaamka chai iko tayari."

"Rauta ndiyo inayowasha moto."

Ile spika ya ng'ambo iliendelea kupiga. Mwenye suti alikuwa ameshakanyaga kizingiti. Mwalimu aliishusha rula mezani.

"Rehema," alisema, "zima vyote. Mtoto aamke akawashe moto."

Tukaiwasha rauta. Tukasubiri taa zake zitulie, watu wazima watatu tumekisimamia kisanduku chenye kitambaa cha maua kama watu wanaongoja mtoto aanze kutembea. Kisha Mwalimu akamwasha Mzee. Akanguruma. Rehema akabonyeza. Ukurasa wa kwanza ukatoka, kicheko cha marehemu kikitangulia, kwa sababu kwa picha Mwalimu hakuwa na mzaha.

Mwenye suti alirudi ndani, akavua koti, akakaa kukunja karatasi pamoja nasi. Vijitabu viliondoka kwa bodaboda vikiwa bado na joto. Vilifika kabla ya jeneza. Baadaye tulisikia kwamba gari la jeneza lilipata pancha njiani, na Rehema akadai ushindi huo uwe nusu kwa nusu na msumari. Mwalimu alikataa. Kabla ni kabla.

Mimi hakunishukuru. "Ungesema habari za moto tangu mwanzo," aliniambia, "kuliko kunichosha na waya."

Siku ile ile nilimpangia Mzee anwani ya kudumu, ya kwake peke yake, ili hata akiamka kwanza asipotee. Kwa hiyo mpangilio haukuwa na maana tena. Sikumwambia Mwalimu, kwa kuwa alikuwa ameupokea kwa heshima kubwa. Kila asubuhi tangu hapo aliiwasha rauta kwanza. Rehema alinisimulia kwamba kabla ya kuigusa, alimgeukia Mzee na kumwambia, "Subiri kidogo, wanachemsha."

Kisha magoti yakamchosha. Duka akamwachia Rehema, ambaye alinunua printa mpya na kuning'iniza spika yake mwenyewe, kaswida dhidi ya muziki wa chalii, vita ambayo bado inaendelea. Mwalimu akahamia Olmotonyi, alikojenga nyumba ndogo kwenye baridi na miti, huku Wachaga wenzake wakimcheka kwa kujenga ugenini. Aliondoka na taipu moja, vitambaa vyote, na Mzee.

Mwaka huu alinipigia. "Mzee haonekani," alisema. "Na usiniulize. Rauta nimewasha kwanza, nimesubiri, taa zimetulia, ndipo nikamwamsha."

Nilipanda Olmotonyi na begi la vifaa na hotuba niliyoiandaa njiani. Nilimkuta sebuleni, mwembamba kuliko nilivyomwacha, amekaa wima. Mzee alikuwa amewekwa mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Nilichukua muda mfupi kuuona ugonjwa. Ile anwani ya kudumu niliyompa dukani ilikuwa bado iko kichwani mwake. Rauta ya Olmotonyi ilikuwa na anwani zake nyingine, na Mzee bado aliamini anakaa Kimandolu.

Nilimweleza Mwalimu.

"Na mimi saa kumi na mbili naamka nikafungue duka," alisema. "Mrekebishe huyo. Mimi niache."

Nilimpa Mzee anwani mpya. Mwalimu akanipa flashi. "Chapa hicho. Nakala moja."

Kilikuwa kijitabu cha mazishi. Juu ya jalada alikuwepo yeye, pembeni mwa harusi ya mtu, na sahani, anacheka mpaka magego yanaonekana. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

"Mwalimu, mambo haya..."

"Mambo haya nini? Unataka niwaachie wanangu? Wataweka ya kitambulisho."

Mzee alikichapa kurasa zote bila kukwama. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu. Wasifu aliuandika mwenyewe, haukuwa na neno mpole wala mkarimu. Ulisema alikuwa mkali, na kwamba hakuwahi kuchelewesha kijitabu. Alisahihisha nyimbo mbili, akakemea pambizo, akafika kwenye mstari wa tarehe ya kufariki, uliokuwa wazi.

"Hapa mtu asijaze kwa kalamu," aliniambia. "Ni uchafu. Utakuja wewe, utaichapa, kwa Mzee, hapa hapa. Na kifike kabla yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye mtu mbaya kuliko wote wa kuachiwa kazi hiyo, kwamba nitaikagua mpaka wachelewe kuzika. Nikasema, "Sawa, Mwalimu." Halafu, kwa kuwa ni mimi, nikaongeza, "Je, siku hiyo Mzee asipoonekana?"

Alifikiri. Tukapatana kwamba kila Jumatatu asubuhi atachapa ukurasa wa majaribio, aupige picha kwa simu, anitumie.

Ananitumia. Picha zinakuja zimepinda, kidole gumba kimeingia pembeni, na mimi nazitazama nikiwa Kwa Mrombo kabla sijapiga mswaki. Mzee yupo mtandaoni. Mwalimu yupo.

Jumatatu iliyopita picha haikuja. Nilingoja mpaka chai ikapoa. Sikuandika cha kusema, nilipiga tu, na simu iliita muda mrefu sana.

"Nini?" alisema.

"Shikamoo Mwalimu. Picha haijafika."

"Marahaba. Umeme hakuna huku tangu jana. Ulidhani nimekufa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Muongo. Na umekaa vibaya, nakusikia kwenye sauti. Mgongo!"

Nilikuwa nimejikunja ukingoni mwa kitanda, simu nimeibana sikioni kwa bega. Nikaunyoosha.